Askari aliyeijua milima kwa misimu 28 alipoteaje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume ameajiriwa kuwa askari wa uhifadhi na amepangiwa kituo cha juu mlimani. Tangu apangiwe, mama hapati usingizi. Mimi katika kutafuta habari za kazi hiyo nimekutana na kisa cha Randy Morgenson, askari wa hifadhi huko Marekani aliyetoweka mwaka 1996. Wanasema alikuwa bingwa wa milima ile. Wengine wanasema alijiua, wengine eti alimkimbia mkewe akaanze maisha mapya. Alitafutwa na watu wengi, kwa helikopta na mbwa, asionekane, kisha mabaki yake yakaja kupatikana mahali walipokwisha kupita. Mtu anayeijua milima kiasi hicho anapoteaje? Na watafutaji wanampitaje mtu hivihivi? – Dada mtu, Arusha

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nisalimie mama na umpe pole. Nimewafundisha vijana wa uokoaji milimani kwa muda mrefu, na kisa cha Morgenson ni kimoja ambacho huwa sikiachi katika darasa lolote, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na jibu lenyewe. Morgenson hakupotea njia. Kwa ushahidi uliopatikana, yaelekea zaidi kwamba alikuwa doria, akakanyaga theluji iliyofunika maji yanayokwenda, ikakatika chini yake. Ajali ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kutumia ujuzi wake. Watafutaji nao hawakumwona kwa sababu alikuwa mahali ambapo macho ya binadamu hayafiki, na pua ya mbwa hufika kwa kubahatisha tu. Ila kuna jambo la tatu ambalo watu hulipita haraka: siku alipoondoka kambini hakuna aliyejua anaelekea wapi, na ukimya wake wa siku kadhaa ulionekana ni ukimya wa kawaida wa kazi. Theluji hatuna uwezo nayo. Hilo la tatu tunaliweza, na ndilo linalomhusu mdogo wako.

Jina lake kamili lilikuwa James Randall Morgenson. Alizaliwa mwaka 1942 na kukulia ndani ya bonde la Yosemite, California, ambako baba yake alifanya kazi na kuwaongoza wageni katika matembezi ya kupiga picha. Ujanani alikwenda India kwa kazi ya kujitolea, akarudi, na milima ya Sierra Nevada ikawa ndiyo maisha yake. Alitumikia misimu 28 katika hifadhi pacha za Sequoia na Kings Canyon, na kazi yake ilikuwa ile ya askari wa nyikani: anapelekwa juu mwanzoni mwa kiangazi, anaishi katika hema au kibanda mbali na barabara yoyote, anatembea peke yake siku baada ya siku kukagua kambi, kuwaonya wanaoharibu, kuwatibu walioumia na kuwatafuta waliopotea. Elewa vizuri hapo. Huyu alikuwa mtafutaji. Mara ngapi alipanda kumtafuta mtoto wa mtu, mume wa mtu.

Na pamoja na yote hayo alikuwa askari wa msimu. Kiangazi kikiisha, ajira imeisha, mwaka unaofuata anaomba tena. Nalitaja hili kwa makusudi, maana mtu anayeajiriwa hivyo kwa karibu miaka 30 huzoea kujitegemea kwa kila kitu, na ofisi nayo huzoea kumwona kama mtu asiyehitaji kuangaliwa.

Eneo lenyewe ni kubwa. Hifadhi hizo mbili kwa pamoja zina kilomita za mraba zipatazo 3,500, na zaidi ya asilimia 90 ni nyika isiyo na barabara. Mpaka wa mashariki wa Sequoia unapita juu ya Mlima Whitney wenye mita 4,421. Kiangazi kile cha 1996 kituo chake kilikuwa hema karibu na ziwa Bench, ndani ya Kings Canyon, si mbali na njia maarufu ya wapanda milima iitwayo John Muir Trail. Tarehe 20 Julai alizungumza na wenzake kwa redio. Asubuhi ya tarehe 21 aliacha kijikaratasi hemani kwamba yuko doria kwa siku tatu au nne, na redio anayo. Hakuandika anakwenda upande gani.

Ukimya ukaanza. Siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Ya pili, hivyo hivyo. Redio koli milimani husafiri kwa mstari ulionyooka: ukishuka kwenye bonde lenye kuta za mawe, mawimbi hayafiki kwenye ripita, yaani mtambo wa kurudishia mawimbi, iliyo juu ya kilele, na wewe unaongea na mawe. Betri nazo huisha. Kila askari wa nyikani amewahi kukosekana hewani siku moja au mbili, kisha akajitokeza akiwa mzima. Msako ulianza tarehe 24 Julai. Ukawa miongoni mwa misako mikubwa ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani: watu wapatao 100, helikopta, vikosi vya mbwa, na wenzake wa kazi ambao walimjua hadi mwendo wake. Baada ya majuma takriban mawili ukasitishwa. Hakuna kiatu, hakuna begi.

Miaka 5 baadaye, Julai 2001, vijana waliokuwa wakitengeneza njia za hifadhi waliona redio ya askari katika bonde la ziwa liitwalo Window Peak. Waliofuata wakakuta begi lake, kiatu na mabaki ya mwili, ndani na kandokando ya maji yanayoshuka bondeni. Halikuwa bonde la mbali. Kwa mtembeaji kama yeye ni mwendo usiozidi siku moja kutoka hemani kwake, na mwaka 1996 watafutaji walikuwa wamelipita.

Sasa nikuonyeshe jinsi theluji inavyomnasa mtu, kwa sababu huku kwetu wengi hatujaiona kwa karibu zaidi ya ile ya kileleni Kibo. Katika Sierra Nevada theluji huanguka msimu wa baridi na kujaa mabondeni mita kwa mita. Juni na Julai jua huiyeyusha kutoka juu, lakini kazi kubwa hufanyika chini. Kijito kinachopita chini ya theluji ni maji yaliyo joto kidogo kuliko theluji yenyewe, na yanakwenda mchana na usiku. Yanaila theluji kutoka tumboni. Juu inabaki tambarare nyeupe iliyo shwari, ndani ni tupu, kama mlango ulioliwa na mchwa ukabaki rangi tu. Alfajiri, baridi ikiwa bado imeikaza, daraja hilo la theluji huweza kubeba mtu na mzigo wake. Saa nane mchana daraja lile lile halibebi. Wazoefu huangalia dalili: rangi ya kijivu au ya buluu katikati ya weupe, mbonyeo kidogo unaofuata mkondo, sauti ya maji chini ya miguu. Hupiga fimbo mbele kabla ya kukanyaga. Morgenson aliyajua haya yote, na alikuwa amevuka mamia ya madaraja hayo. Kadiri unavyovuka mengi bila kuumia ndivyo mwili unavyojifunza kwamba kuvuka ni salama, wakati daraja halina kumbukumbu ya wewe ni nani.

Likikatika, mtu anaangukia maji yaliyo karibu na kuganda. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Kanada aliyeyachunguza maji baridi kwa miaka mingi, huieleza hali hiyo kwa namba tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza mwili unashtuka, pumzi inavutwa kwa nguvu bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, ndiyo mwisho. Dakika kama 10 mikono na miguu bado inakutii, baada ya hapo vidole havifungui hata kifungo. Na baada ya saa moja hivi ndipo baridi yenyewe humpotezea mtu fahamu. Sasa ongeza begi zito mgongoni, dari ya theluji juu ya kichwa, mkondo unaokusukuma ndani zaidi, na redio ambayo hata ingewashwa ipo shimoni kati ya kuta za mawe. Ndiyo maana nilisema ujuzi haupati nafasi. Angekuwa na mwenzake mmoja, pengine kamba ingerushwa. Pengine. Kwa uchache, huyo mwenzake angejua pa kuchimba.

Umeuliza pia watafutaji wanampitaje mtu. Swali hilo nalipenda, na jibu lake lina hesabu ambayo haisimuliwi mara nyingi. Nivumilie.

Msako wa kisasa hauendi kwa kukimbilia huku na huko. Kwanza eneo lote linagawanywa vipande kwenye ramani. Kisha watu wanaomjua aliyepotea na wanaoijua ardhi wanakaa, na kila mmoja peke yake, bila kusikiliza wenzake, anakipa kila kipande asilimia: uwezekano wa mtu huyo kuwa humo. Zinakusanywa, unachukuliwa wastani. Njia hii huitwa ya Mattson, na kuna kipande kimoja zaidi kisicho kwenye ramani, ambacho ni dunia nzima iliyobaki, yaani uwezekano kwamba mtu hayumo kabisa katika eneo la msako. Kanuni zinazoongoza hesabu hiyo zilitokana na Vita Kuu ya Pili, wakati Bernard Koopman na wenzake walipokuwa wakiisaidia Jeshi la Majini la Marekani kuwinda nyambizi baharini.

Chukua mfano. Tuseme kipande A kina asilimia 30. Kikosi kinakipitia, na mkuu wa kikosi anakadiria kwamba mtu angekuwamo, wangemwona kwa uwezekano wa asilimia 60. Hawakumwona. Je, A sasa ni sifuri? Hapana. Asilimia 40 ya zile 30 bado inabaki, yaani 12, na ukiipanga upya pamoja na vipande vingine vyenye jumla ya 70, A inakuwa na karibu asilimia 15. Kwa hiyo hakuna kipande kinachofutwa. Kila kilichotafutwa kinashuka, na kila ambacho hakijatafutwa kinapanda.

Hapa ndipo penye mtego. Ile asilimia 60 ni makisio ya kumwona mtu aliyelala juani kwenye mawe, au aliyekaa chini ya mti na mguu umevunjika. Kwa mtu aliye chini ya maji na theluji makisio ya kweli ni karibu na sifuri. Kikosi kinapita juu yake, kinaandika kwa uaminifu kabisa kwamba kimetafuta vizuri, na kipande kinashushwa kwenye hesabu. Mbwa nao wanategemea hewa. Harufu ya aliye majini hubebwa na mkondo, ikatokea mbali, ikapeperushwa na upepo wa bonde unaopanda mchana na kushuka usiku. Mbwa anaweza kuonyesha dalili mahali ambapo hakuna kitu, na mkuu wa msako akabaki na alama ya kuuliza kwenye ramani wakati vikosi vina vipande kumi vingine vya kumaliza.

Na ile dunia iliyobaki? Tuseme ilianza na asilimia 10 tu. Vipande vyote vya ramani, vyenye jumla ya 90, vikatafutwa kwa kiwango cha asilimia 70 bila mafanikio. Ndani ya ramani zinabaki 27. Nje zimebaki 10 zile zile. Ukipanga upya, yaani 10 kati ya 37, uwezekano kwamba mtu hayumo kabisa umepanda kutoka asilimia 10 hadi 27, ilhali hakuna yeyote aliyeleta habari mpya hata moja. Ni kushindwa kumwona tu. Ukiwa mkuu wa msako, siku ya kumi, watu wamechoka, helikopta inadaiwa kwingine, namba hiyo inakunong'oneza kwamba huyu bwana ameondoka zake. Ikikutana na maneno ya watu, uvumi unapata sura ya hesabu.

Na maneno yalikuwapo. Ndoa ya Morgenson ilikuwa imefika pabaya, karatasi za talaka zilikuwa mezani, na rafiki zake walimwona mwenye huzuni kiangazi kile. Watu wakaunganisha. Wako waliosema alijiua, wako waliosema ameshuka upande wa pili wa mlima na kupanda gari. Ningekuwa mkuu wa msako ule nami ningeyauliza maswali hayo. Ni wajibu wa uchunguzi kuuliza kila kitu, na mtu mwenye majonzi anastahili kuulizwa habari zake mapema, akiwa bado hai. Lakini kuuliza ni kitu kimoja na kutangaza ni kingine. Mke alibaki miaka 5 bila kaburi, huku mji mzima una nadharia ya kwa nini mumewe ameondoka. Yaliyopatikana bondeni hayawezi kutueleza alikuwa anawaza nini asubuhi ile, na hakuna atakayeyajua. Yanachoonyesha ni mtu aliye katika eneo lake la doria, na begi na redio yake, kwenye njia ya maji ambayo kiangazi hufunikwa na theluji. Hayo ni maelezo ya ajali kazini. Mimi sioni sababu ya kutafuta mengine.

Kuna askari mwingine ambaye simwachi ninapofundisha somo hili, Paul Fugate. Huyu alikuwa askari na mtaalamu wa mimea katika hifadhi ya Chiricahua, kusini-mashariki mwa Arizona. Tarehe 13 Januari 1980, mchana, alitoka ofisini akiwa na sare, akasema anakwenda kukagua njia. Hajaonekana tena. Msako ulifanyika, haukupata kitu, na wachunguzi wamekuwa wakiliangalia kama tendo la jinai kuliko ajali. Mwaka 2018 zawadi kwa atakayetoa habari ilipandishwa hadi dola 60,000. Kilichonichoma mimi ni walivyomtendea mkewe. Mwajiri alifika mahali pa kumhesabu mtu huyo kama aliyetoroka kazini, akaachishwa, na mke akadaiwa kurudisha mshahara aliokwisha kulipwa. Ilichukua miaka mpaka uamuzi huo ukabatilishwa. Fikiria mama yako anapokea barua ya namna hiyo.

Ndiyo maana nawaambia wakuu wa vituo: kama hamjui askari wenu alielekea wapi, msijaze pengo hilo kwa tabia yake.

Turudi kwetu. Utaniambia Kilimanjaro na Mlima Kenya hazina mito iliyofunikwa na theluji ya namna ile, na ni kweli. Tunavyo vyetu. Kuna ukungu unaopanda mchana ukafuta njia katika dakika chache. Kuna makorongo ya msitu ambayo mvua ikinyesha juu, maji yanakuja chini kukiwa kukavu. Rwenzori kuna tope na matope ya nyasi yanayommeza mtu hadi kiunoni, na mabonde yenye mimea mizito kiasi kwamba helikopta inaona kijani tu. Ukianguka korongoni kwenye miti mirefu ya chini ya mlima, uwezekano wa kuonekana kutoka angani hautofautiani sana na wa Morgenson chini ya theluji yake.

Mgeni anayepanda Kilimanjaro analindwa na mfumo mzuri: haruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, na akipita njia ya Marangu anaandika jina katika kibanda cha Mandara, anaandika Horombo, anaandika Kibo. Asipofika, kuna daftari linalosema alionekana mwisho wapi na saa ngapi. Mara nyingi anayekosa daftari hilo ni askari mwenyewe, kwa sababu anahesabiwa kuwa mwenye nyumba.

Nikupe kisa kimoja cha huku ili uone tofauti inayoletwa na kujulikana ulipo. Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya, juu ya mita 5,000, mguu ukavunjika vibaya, mfupa nje. Alikuwa na mwenzake, Oswald Oelz, ambaye alimfunga, akamwacha pale, akashuka kuita msaada, akarudi tena juu kukaa naye. Waokoaji wa Kenya walipanda siku baada ya siku katika baridi na theluji. Rubani Jim Hastings alipoteza maisha helikopta yake ilipoanguka katika kazi hiyo. Hatimaye waokoaji wa mlimani kutoka Austria wakafika kuwaongezea nguvu. Judmaier alishushwa baada ya zaidi ya wiki moja, akapona. Majeraha yake yalikuwa ya kufisha, na mahali alipokuwa palikuwa pagumu kuliko bonde la ziwa Window Peak mara nyingi. Hakuna hata saa moja iliyotumika kumtafuta. Nguvu zote zilikwenda kwenye kumfikia.

Basi, mdogo wako. Najua kuna mambo hayamo mikononi mwake: idadi ya askari kituoni, betri, uchakavu wa ripita. Lakini haya anaweza kuyafanya hata kama hakuna anayemwamuru.

Kabla ya kila doria aandike njia, si muda pekee. Asiandike "nipo doria siku mbili". Aandike anapita korongo gani, analala wapi, anarudi kwa njia ipi, na kama hali ya hewa ikiharibika atakwepea wapi. Mstari mmoja kwenye nakala ya ramani unatosha, uachwe kituoni panapoonekana. Akibadili njia akiwa huko, na hili hutokea kila siku, aseme redioni, au aache alama kwenye njia panda: karatasi ndani ya mfuko wa nailoni chini ya jiwe, tarehe, saa, mshale. Wenye kutafuta huanzia kwenye njia panda.

La pili, awe na saa ya kuita na saa ya kengele. Saa ya kuita ni, kwa mfano, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kutoka mahali palipokwisha kujaribiwa kwamba redio inashika. Ajue sehemu hizo kabla ya kuzihitaji. Saa ya kengele ni muda ambao ukipita bila yeye kusikika, mtu mmoja anayejulikana kwa jina anaondoka kwenda kumwangalia, bila kikao. Mkuu wa kituo akisema "huyo huwa anakawia," huyo mtu anaondoka vivyo hivyo. Safari kumi za bure ni gharama ndogo. Kwa Morgenson siku tatu zilipita, na ingawa naamini hazikuamua uhai wake, nyayo, harufu na hali ya theluji siku ya kwanza si sawa na siku ya nne. Theluji iliyobomoka asubuhi ya jana bado ina shimo. Baada ya siku tatu za jua shimo ni sehemu tu ya kijito kilichofunguka kama vingine vyote.

Kuhusu vifaa vya setilaiti vya kuomba msaada, kama kituo kinavyo, avae mwilini, begani au kifuani, asiviweke ndani ya begi. Mfumo wa Cospas-Sarsat, wa setilaiti zinazopokea ishara za walio hatarini, umeokoa watu tangu mwaka 1982, ila vifaa vyake vidogo vya kubeba mtu binafsi viliruhusiwa kwa raia Marekani mwaka 2003 tu, kwa hiyo Morgenson hakuwa na hiyo nafasi. Hata hivyo, usimpe mama matumaini kupita kiasi kwa kifaa. Kinataka anga wazi, na vile vya kubonyeza vinataka mtu anayeweza kubonyeza. Ndani ya maji au chini ya mwamba kinanyamaza. Vile vinavyotuma mahali ulipo kila baada ya dakika kadhaa ni bora zaidi kwa kazi ya peke yako, kwa kuwa hata kikinyamaza kinaacha alama ya mwisho, na alama ya mwisho inaweza kupunguza msako kutoka mamia ya kilomita za mraba hadi korongo moja.

Asivuke maji yaliyofurika akiwa peke yake, hata kama amelivuka korongo hilo mwaka mzima. Asubiri. Mvua za mlimani mara nyingi hupungua usiku na maji hushuka alfajiri; kulala njaa upande huu wa mto ni aibu ya siku moja. Na akivuka mahali popote pa hatari, mikanda ya begi ya kiunoni na kifuani aifungue kwanza, ili likimvuta aliachie.

Kama moyo wake una mzigo, wa ndoa, wa msiba, wa deni, amwambie mtu mmoja kazini. Simaanishi kwamba wenye huzuni wasipewe doria. Mtu mwenye mawazo anaweza kukosa kuona mbonyeo kwenye theluji, au kukanyaga jiwe lenye utelezi ambalo siku nyingine angelikwepa, na kwa siku kama hizo mwenzake wa pili ni haki yake.

Na ninyi nyumbani muwe na mambo matatu yameandikwa: namba ya kituo na ya mkuu wake, siku anazotarajiwa kushuka, na majina ya wenzake wawili anaokaa nao. Akipitisha siku bila kusikika, pigeni kituoni, msipige kwake tu. Ulizeni swali moja, "Njia aliyoandika ni ipi?" Kama aliyepokea simu hana jibu, omba kuzungumza na mkuu wa kituo papo hapo, na mama awe na namba hizo mwenyewe, kwenye simu yake.